Kupima na kutibu malale ukiwa Lubumbashi: TDR, kolona ya Kinshasa na vidonge vya siku 10

Kama labo yako iko Lubumbashi na bajeti inatosha kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o, usiongeze sanduku la pili la TDR, vile vipimo vya haraka vya kaseti. Nunua kolona za mAECT, vile vibomba vya kuchuja kimelea kutoka kwenye damu, zinazotengenezwa na INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba kule Kinshasa, kisha hakikisha santrifuji, mashine ya kuzungusha tyubu, inazunguka hata siku ambayo umeme wa SNEL umekatika. Hiyo ndiyo hukumu yetu. TDR tunaitaka, tena isikosekane kwenye rafu, lakini hapa mjini kazi yake ni kubisha hodi tu. Anayeingia ndani na kumkamata kimelea ni kolona.

Malale yamekuwa ugonjwa wa nadra. Karibu wagonjwa 40,000 waliandikishwa mwaka 1998. Mwaka 2009 idadi ilishuka chini ya 10,000, na tangu 2018 dunia nzima haifikishi 1000 kwa mwaka. Zaidi ya nusu ya hao wako Kongo yetu. Ni habari njema yenye kasoro moja inayohusu labo moja kwa moja: kuna wanalabo wenye uzoefu mkubwa wa malaria ambao hawajawahi kumwona tripanosoma, kimelea cha malale, akiogelea. Na mgonjwa wa malale anayefika Lubumbashi kwa kawaida ametoka mbali, pande za Kongolo na Kabalo, Maniema, Kasai, Kwilu, au amevuka Kasumbalesa akitokea Zambia. Hakuna aliyemtarajia. Amekwisha kunywa dawa za malaria mara mbili tatu, tezi za shingo zimevimba, usiku halali, mchana anasinzia, na nyumbani wanasema amebadilika tabia.

TDR tunayoizungumzia ni HAT Sero-K-SeT ya Coris BioConcept, kampuni ya Ubelgiji. Haimtafuti kimelea mwenyewe, inatafuta kingamwili, yaani kinga ambazo mwili umetengeneza dhidi yake. Uzuri wake mkubwa ni kwamba kila kaseti iko peke yake kwenye mfuko wake. Inavumilia joto hadi nyuzi 40, haitaki friji wala umeme, damu ya kidole inatosha, na jibu linasomwa baada ya dakika 15. Kwa mji ambao mshukiwa anakuja mmoja leo na mwingine baada ya wiki tano, hilo ndilo jambo lenyewe. Linganisha na CATT, kile kipimo cha kadi kilichotoka Antwerp mwishoni mwa miaka ya 1970. Unaweka tone la mikrolita 45 za dawa ya kipimo pamoja na tone la damu, unazungusha kadi mizunguko 60 kwa dakika, dakika 5, kisha unatazama kama imegandamana. Kwa kikosi kinachopanga kijiji kizima kwenye foleni, ni kipimo safi na cha bei nafuu. Lakini chupa inatunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikishachanganywa inahudumia watu 50 na haikai muda mrefu. Mgonjwa mmoja akifika Ijumaa saa tisa alasiri, umefungua chupa ya watu 50 kwa ajili yake, na 49 zilizobaki huenda zikamwagwa.

Makosa ya TDR tunayoyaona yanaharibu kazi ni ya kawaida kabisa. Kufungua mfuko kabla kidole hakijawa tayari, hasa masika, kaseti ikanyonya unyevu. Kusoma dakika ya 7 kwa sababu foleni ni ndefu, au kuirudia baada ya saa moja na kuandika mstari ambao haukuwepo kwa wakati wake. Kuukataa mstari hafifu: kwenye kipimo hiki mstari hafifu ni mstari. Na kuandika "hana" wakati mstari wa udhibiti haukutokea. Hapo hakuna jibu lolote. Chukua kaseti nyingine.

Sasa tufanye hesabu, maana ndipo wengi wanapopotea. Katika utafiti uliofanyika Bandundu na kuchapishwa 2014, kipimo hiki kilipewa wagonjwa 134 na watu 356 wasio na malale. Kiliwashika 132 kati ya wale wagonjwa, na kikawasingizia 5 kati ya wale wazima. Hayo ni matokeo mazuri sana. Yalete Lubumbashi. Pima watu 1000, tuseme mmoja tu kati yao ana malale kweli. Huyo mmoja utamshika, karibu kwa hakika. Lakini pamoja naye utawashika wengine 14 wasio na kitu. Una watu 15 wenye mstari, na 14 kati yao wangepewa dawa nzito bure. Si kosa la kipimo. Ni kwamba ugonjwa ni wa nadra, na kipimo chochote cha kingamwili kikiletwa mahali ambapo ugonjwa ni wa nadra kitafanya hivyo hivyo.

Kuna mambo mawili zaidi kuhusu kingamwili. Mtu aliyetibiwa malale miaka iliyopita anaweza kuendelea kuonyesha mstari ingawa amepona, kwa hiyo TDR haifai hata kidogo kuthibitisha kupona. Muulize kwanza: "Tata, ulishatibiwa malale zamani?" Jibu lake linaokoa saa mbili za labo.

La pili ni kubwa zaidi, na kwa Lubumbashi tungeliandika kwa rangi nyekundu ukutani. TDR hii, na CATT pia, zimetengenezwa kwa ajili ya gambiense, malale ya Afrika ya magharibi na kati. Hazimwoni rhodesiense, malale ya mashariki na kusini. Na bonde la Luangwa nchini Zambia ni nyumba ya rhodesiense. Dereva wa lori, mwindaji, mtu aliyekwenda msibani vijiji vya karibu na mbuga, akirudi Lubumbashi na homa kali na pengine kidonda kigumu chenye uvimbe pale mbung'o alipomuuma, ukimpima kwa TDR ikatoka safi ukamrudisha nyumbani, umemponza. Rhodesiense haisubiri miaka kama gambiense. Inaua ndani ya majuma au miezi. Wema wake mmoja kwa mwanalabo ni kwamba vimelea huwa vingi kwenye damu, na mara nyingi tone nene la kawaida, ile GE tunayoipaka kila siku kwa ajili ya malaria, linamwonyesha. Ndiyo maana tunasema anayetoka Zambia aanzie kwenye mikroskopu, TDR aiache. Na anayesoma GE asisimame pale anapoona malaria. Kuwa na vyote viwili kwa pamoja kunawezekana.

Kwa gambiense mambo ni kinyume. Vimelea ni vichache, vinapanda na kushuka kwa mawimbi, leo wapo kesho huwaoni. Hapo kila njia ina sakafu yake. Damu mbichi chini ya kioo inahitaji vimelea kama 10,000 katika mililita moja ndipo umwone mmoja. Tone nene lililopakwa Giemsa, kama 5,000. Njia ya Woo, ile ya mirija myembamba inayozungushwa, inashuka hadi 500 hivi. Kolona ya mAECT inakwenda chini ya 50. Mtu mwenye vimelea 200 kwa mililita, na wako wengi wa namna hiyo, atatoka safi kwenye njia tatu za kwanza na atashikwa kwenye ya nne. Pesa ya kolona inajilipa hapo.

Woo tusiidharau lakini. Kama huna kolona leo, jaza mirija ya heparini angalau minne kwa mgonjwa mmoja, robo tatu ya urefu, ziba upande mmoja kwa plastisini, zungusha kwenye santrifuji ya hematokriti kwa nguvu ya 12,000 g (g ni nguvu ya mvuto, si gramu) kwa dakika 5. Tazama mpaka kati ya chembe nyeupe na plazma, kwa lenzi ya 10, mwanga ukiwa umepunguzwa. Watazamaji wapya hushangilia mapema wakiona kitu kinachochezacheza. Mara nyingi ni Mansonella perstans, mtoto wa filaria, ambaye amejaa katika damu za watu wengi wa misitu yetu. Yeye ana mikroni kama 200, tripanosoma ana kama 20. Ni mara kumi. Tena filaria anapojipiga-piga anavuruga mrija mzima, na tripanosoma mdogo aliye pembeni anapotea kwenye vurugu hiyo. Ukiona filaria, usiandike "hana malale". Andika kwamba mrija hausomeki, uende kwenye kolona.

Basi kolona yenyewe. Ni bomba dogo lililojazwa jeli ya DEAE-selulosi. Siri yake ni chaji ya umeme: kwenye bafa (maji maalum yanayoshikilia pH) ya fosfati yenye glukosi, pH 8, chembe nyekundu zina chaji hasi kubwa na zinanaswa na jeli, wakati tripanosoma ana chaji hasi ndogo na anapita zake. Kinachotoka chini ni maji meupe yenye vimelea peke yao, kama vipo. Kwa mtu aliyezoea kumtafuta tripanosoma kwenye msitu wa chembe nyekundu, mara ya kwanza anaona kama ni uchawi.

Damu ichukuliwe kwenye mshipa, kwenye tyubu yenye heparini, na ifanyiwe kazi mara moja, isiachwe kwenye dirisha lenye jua. Simamisha kolona wima kwenye kishikio. Fungua kifuniko cha juu kwanza, ndipo cha chini. Ukianza na cha chini, hewa inaingia, jeli inapata nyufa, na damu itapita kwenye nyufa badala ya kupita kwenye jeli. Iache bafa iliyo juu ishuke mpaka iguse usawa wa jeli, lakini isipite hapo. Jeli iliyokauka ni kolona iliyokufa. Weka mikrolita 350 za damu polepole, ncha ya pipeti ikigusa ukuta, usichimbe shimo katikati. Damu ikishazama yote, ongeza matone machache ya bafa, subiri yazame, ndipo uweke bafa zaidi kidogo kidogo. Hapo utaona jambo zuri: ukanda mwekundu unabaki juu kama kofia, na chini matone yanaanza kutoka meupe. Yakusanye kwenye tyubu yake maalum yenye ncha nyembamba iliyozibwa.

Tyubu hiyo inazungushwa 1000 g kwa dakika 10. Santrifuji nyingi za hapa zinaonyesha mizunguko tu, hazionyeshi g, na hapa watu wanabahatisha. Pima kwa rula kutoka katikati ya mhimili hadi ncha ya tyubu ikiwa imelala. Kama ni sentimita 10, weka mizunguko 3000 kwa dakika. Kama ni 15, weka 2450. Ukizungusha polepole mno vimelea vinabaki vikielea juu, nawe unatazama ncha tupu. Baada ya hapo laza tyubu kwenye kisanduku chake cha kutazamia chenye maji, tazama ncha kwa lenzi ya 10. Uwanja ni safi, hakuna cha kukuchanganya: uzi mwembamba unaong'aa, unajinyonga na kugonga ukuta wa kioo. Nyuzi za fibrini nazo zipo, lakini zinabebwa na maji, hazisukumi. Tripanosoma anasukuma.

Maji yakitoka na rangi ya waridi, kuna jambo. Ama umeweka damu nyingi kuliko kiasi, ama damu ilikuwa imepasuka chembe tangu kwenye tyubu, ama bafa si ile iliyokuja na kolona. Mtu asijaribu kutumia maji ya chumvi ya dripu kuokoa bafa. Chumvi ikizidi, jeli inaachia chembe nyekundu. pH ikitoka kwenye 8, mpango wote unavunjika. Kolona ikiziba na tone halishuki kwa dakika kadhaa, aghalabu ni kidonge cha damu iliyoganda. Usisukume kwa bomba la sindano, anza na nyingine. Na tarehe ya mwisho kwenye pakiti iheshimiwe.

Kuna namna ya kuiongezea nguvu, iliyojaribiwa Guinea: badala ya damu nzima, unazungusha tyubu ya damu kwanza, unachukua mikrolita 500 za tabaka la chembe nyeupe na sehemu ya juu ya chembe nyekundu, unaziweka hizo kwenye kolona. Vimelea vimejikusanya pale, kwa hiyo unatazama damu ya mililita kadhaa kwa kolona moja. Inataka mkono mtulivu na dakika zaidi. Kwa mshukiwa mwenye TDR yenye mstari na dalili za wazi ambaye kolona ya kawaida ilitoka safi, sisi tungeifanya bila kujiuliza.

Udhaifu wa kolona tuuseme. Mgonjwa mmoja anakula karibu nusu saa au zaidi ya muda wa mwanalabo, santrifuji inataka umeme usiokatika katikati, na haipatikani kwenye duka la vifaa vya labo la mjini. Njia yake ni INRB na programu ya taifa ya malale, PNLTHA, kwa hiyo unaagiza kabla hujahitaji. Jenereta iwe na mafuta kabla ya kutoboa mshipa. Umeme ukikatika dakika ya 4, usimalizie zile 6 zilizobaki tu. Zungusha tena dakika 10 kamili, mapema iwezekanavyo, kwa sababu tripanosoma nje ya mwili hawadumu, na aliyekufa haonekani.

Kabla ya yote hayo, shika shingo ya mgonjwa. Haina gharama. Tezi za nyuma ya shingo zilizovimba, laini, zinazoteleza chini ya kidole, toboa moja kwa sindano ya geji 18 bila bomba, isugue taratibu huku sindano ikiwa ndani, chomoa, kisha kwa bomba lenye hewa puliza maji yake kwenye kioo. Funika, tazama kwa lenzi ya 40 papo hapo, ndani ya dakika 15. Wagonjwa wengine wa gambiense wanathibitishwa hapo hapo, bila kolona. Kwa rhodesiense tezi hizi si za kutegemea.

Ikiwa TDR ina mstari na vimelea havikuonekana popote, mtu huyo hapewi dawa kwa mazoea wala hafukuzwi. Damu iliyokaushwa kwenye karatasi ya chujio inaweza kutumwa Kinshasa kwa kipimo cha kuyeyusha tripanosoma hai, ambacho kinatofautisha mwenye kingamwili za kweli na aliyesingiziwa. Na arudi kwa kolona nyingine. Mawimbi ya vimelea hayafuati kalenda yetu.

Tukija kwenye tiba, dawa ya kuzungumziwa ni fexinidazole. Kabla yake kila mgonjwa alitobolewa mgongo ili ijulikane kama ugonjwa umefika ubongoni. Dawa hii ilipata maoni mazuri ya wakala wa dawa wa Ulaya Novemba 2018, ikasajiliwa Kongo mwezi uliofuata, na imebadilisha hilo: inatibu hatua zote mbili, kabla ugonjwa haujafika ubongoni na baada ya kufika. Majaribio yake makubwa yaliongozwa na Dkt. Victor Kande, Mkongomani, na yalifanyika kwa sehemu kubwa hapa nchini. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliikubali pia kwa rhodesiense, jambo ambalo kwa mji ulio mpakani na Zambia si dogo.

Kipimo chake hakina utata. Mwenye kilo 35 na zaidi anameza vidonge 3 vya miligramu 600 kwa mkupuo mmoja, siku 4. Kisha vidonge 2, siku 6. Jumla 24. Mtoto wa miaka 6 na zaidi mwenye kilo 20 hadi chini ya 35 anameza 2 kwa siku 4, kisha 1 kwa siku 6. Jumla 14. Hesabu vidonge kabla ya kuanza. Pakiti ya mtoto ikipewa mtu mzima, dawa inakwisha siku ya 5 na hakuna anayejua kwa nini. Kila kidonge kimezwe mbele ya mhudumu.

Kinachoiangusha dawa hii ni tumbo tupu. Bila chakula, kiasi kidogo tu ndicho kinachopita kwenye damu, na ubongo haupati dawa ya kutosha. Mazungumzo ya wodini yanayotakiwa kusikika ni haya:

"Mama, umekula?"

"Nimekula, munganga."

"Umekula nini?"

"Chai."

Chai si chakula. Hata chai na kipande cha mkate hatuikubali. Tunataka sahani: bukari na sombe, bukari na samaki, wali na maharagi. Dawa imezwe katikati ya mlo au mara tu baada ya mlo, isizidi nusu saa, na iwe saa ile ile kila siku. Mhudumu aone sahani ikiwa na chakula, kisha aione ikiwa tupu. Huyu ni mgonjwa ambaye ugonjwa wenyewe umemnyima hamu ya kula, na dawa nayo inaongeza kichefuchefu. Kwa hiyo bajeti ya matibabu iwe na chakula cha siku 10 ndani yake. Familia isiyo na pesa ya bukari ya mchana haiwezi kufanikisha fexinidazole, hata kama vidonge ni vya bure.

Pombe hapana, siku zote 10 na angalau saa 48 baada ya kidonge cha mwisho. Ukisema "usinywe pombe" mtu anafikiria bia na lutuku. Taja munkoyo kwa jina, ule uliokaa siku mbili ukachachuka. Vinginevyo atakunywa kwa moyo safi kabisa, apatwe na uso kuwaka, moyo kwenda mbio na kutapika, na dawa ipewe lawama.

Anayetapika usimtungie kanuni zako. Fuata karatasi ya dawa, andika saa aliyomeza na saa aliyotapika, na mtazame kwa karibu. Siku iliyorukwa haifidiwi kwa kumeza mara mbili kesho yake: anaendelea na kipimo cha kawaida mpaka siku 10 za dawa zitimie. Kuhusu dawa za kuzuia kutapika, chunga moyo. Fexinidazole inarefusha kipindi cha QT, kile kipimo cha mwendo wa umeme wa moyo, na domperidone, ambayo iko kwenye kila famasi ya mjini, inafanya hivyo hivyo. Kwinini pia, na baadhi ya antibiotiki za jamii ya siprofloksasini. Kwa mgonjwa mwenye malaria na malale pamoja, tibu malaria kwanza kwa mpango, usirundike dawa siku moja. Madhara mengine ni kichwa kuuma, kutetemeka, kizunguzungu na, bila utani, kukosa usingizi. Ndugu wa mgonjwa waambiwe mapema, maana mtu wa malale anayekesha usiku wa tatu wa dawa anawafanya waamini kwamba ugonjwa unazidi.

Mipaka yake iko wazi. Kwenye majaribio ya gambiense iliyofika ubongoni, fexinidazole ilifanikiwa kwa 91.2%, NECT, ile tiba ya vidonge pamoja na dripu, kwa 97.6%, ikihesabiwa miezi 18 baadaye. Pengo hilo liko zaidi kwa wale wenye chembe nyeupe zaidi ya 100 kwa kila mikrolita ya maji ya uti wa mgongo. Kwa hiyo mgonjwa wa gambiense aliyechanganyikiwa, anayeongea ovyo, anayeyumba, anayetetemeka au mwenye degedege, bado anatobolewa mgongo, na maji yasomwe papo hapo kabla vimelea havijapasuka. Zikizidi 100, apewe NECT: nifurtimox ya kumeza, miligramu 15 kwa kilo kwa siku ikigawanywa mara 3, siku 10, na eflornithine kwa dripu, miligramu 400 kwa kilo kwa siku ikigawanywa mara 2, kila dripu saa 2, siku 7. Ni dripu 14, na wauguzi wa usiku. Mwenye uzito chini ya kilo 35 au mwenye matatizo ya akili alazwe hata kama ni vidonge tu.

Watoto chini ya miaka 6 au chini ya kilo 20 bado wako kwenye njia ya zamani: mgongo utobolewe, kisha pentamidine miligramu 4 kwa kilo kwa siku 7 ikiwa ubongo haujafikiwa, NECT ikiwa umefikiwa. Pentamidine inashusha sukari na presha, kwa hiyo mtoto apewe kitu chenye sukari kabla, na alale saa moja baada ya sindano. Kwa rhodesiense ya watoto hao wadogo kumebaki suramin na, ubongoni, melarsoprol, ile ya arseniki inayohitaji sindano ya kioo kwa sababu inaharibu plastiki. Anayeifikia melarsoprol leo amechelewa mahali fulani.

Dawa hizi zote haziuzwi. Sanofi na Bayer wanazitoa bure, Shirika la Afya Duniani linazisambaza, na hapa zinapita PNLTHA. Ukiuziwa fexinidazole kwenye famasi ya Lubumbashi, hiyo pakiti ina maswali. Ufuatiliaji unakwenda hadi miezi 24, na nambari ya simu ya ndugu, si ya mgonjwa peke yake, iandikwe kwenye fishi siku ya kwanza.

Kuna acoziborole pia, vidonge 3 vya miligramu 320 mara moja tu, basi. Katika jaribio la watu 208 Kongo na Guinea, lililochapishwa 2022, kwa wale ambao ugonjwa ulikuwa umefika ubongoni ilifanikiwa kwa 95.2%, na walimeza bila masharti ya sahani. Siku itakapokaa kwenye rafu za mjini, aya za bukari na munkoyo hapo juu tutazifuta, wala hatutazililia.